Kikulacho ki nguoni mwako: viendelezi vya kivinjari ninavyovitegemea kazini, na namna ya kumsaka mchawi kivinjari kikizingua

#1 · Mleta uzi

Wakuu, habari za muda huu.

Nina steshenari ndogo hapa Morogoro: kompyuta nne za mezani, printa mbili, skana moja, na modemu ambayo bando lake natoa mfukoni kila wiki. Wateja wangu wengi wanakuja kuomba kazi, kuomba mkopo wa chuo, kuskani vyeti, kulipia ada mbalimbali. Kwa hiyo kivinjari (programu ya kufungulia tovuti, kama Chrome au Firefox) kwangu ni jembe. Kikizingua nusu saa tu, foleni inahamia duka la jirani.

Nafungua uzi huu kwa sababu ya jambo lililonikuta mwaka jana msimu wa maombi ya mikopo. Dada mmoja alikuwa anajaza fomu kwenye kompyuta ya tatu. Anabofya kiungo apakue fomu ya mdhamini, linafunguka dirisha la kubeti. Nikadhani kabofya vibaya. Nikakaa mimi mwenyewe, nikabofya taratibu: kubeti tena. Nikatafuta "cheti cha kuzaliwa", majibu yakaja kupitia mtambo wa kutafutia ambao sijawahi kuusikia.

Siku ya kwanza nikapitisha antivirusi, ikasema kompyuta ni safi. Siku ya pili nikairudisha modemu kwenye mipangilio ya kiwandani na kubadilisha DNS. Hali ileile. Siku ya tatu nikafuta kivinjari chote nikakisakinisha upya. Kikatulia dakika kumi, nikaingia kwenye akaunti yangu ili alamisho zangu (kurasa nilizojiwekea alama) zirudi, na ugonjwa ukarudi nazo. Hapo ndipo nilipoelewa: usawazishaji wa akaunti ulikuwa unarudisha kila kitu, pamoja na mchawi mwenyewe. Siku ya nne nikaandika chrome://extensions, nikaanza kuzima viendelezi, zile programu ndogo za kuongezea ndani ya kivinjari, kimoja kimoja. Alikuwa kiendelezi cha kupiga picha ya skrini, nilichokitumia miaka mitatu bila shida yoyote. Nikaenda kusoma maoni ya watumiaji ya miezi ya karibuni: wote wanalia kilio changu.

Siku nne za msimu. Sitaki mtu mwingine azipoteze.

Jambo hili lina historia ndefu. Kulikuwa na kiendelezi kinaitwa The Great Suspender, kazi yake kulaza vichupo (kurasa ulizofungua) usivyovitumia ili RAM, kumbukumbu ya kazi ya kompyuta, ipumue. Kilikuwa na watumiaji zaidi ya milioni 2. Mwaka 2020 mwenyewe akakiuza, na Februari 2021 Google wakakizima kwa watu wote baada ya kukuta kimebeba programu hasidi. Nano Adblocker na Nano Defender vilifuata njia hiyohiyo Oktoba 2020: vimeuzwa, mwenye mali mpya akaanza kukusanya taarifa za watu. Stylish, kilichokuwa cha kubadilisha mwonekano wa tovuti, kiliondolewa madukani 2018 kwa kuchukua historia ya kurasa zote ambazo mtumiaji anatembelea. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichoanza kikiwa kibaya. Watu walivipenda kwa haki kabisa.

Na si kuuzwa peke yake. Mkesha wa Krismasi 2024, mfanyakazi wa kampuni ya usalama wa data iitwayo Cyberhaven alipokea barua pepe inayojifanya imetoka kwenye duka la Chrome, ikimwambia kiendelezi chao kimevunja sheria na kitaondolewa. Akabofya, akaruhusu. Wezi wakapandisha toleo lao, na kwa sababu viendelezi hujisasisha vyenyewe kimyakimya, likaingia kwenye kompyuta za watu bila mtu kugusa kitu. Kampuni ya usalama, wakuu. Hao ndio wanaolinda wengine.

Ndiyo maana neno langu ni moja: kila kiendelezi ni mtu uliyempa funguo za nyumba. Wakati wa kukisakinisha, mara nyingi kivinjari kinakuuliza kama unaruhusu kisome na kubadilisha data yako kwenye tovuti zote. Maana yake kinaona unachoandika kwenye fomu, kinaona barua pepe yako, kinaona ukurasa wa benki. Basi funguo ziwe chache, na uwajue waliozishika.

Hawa wangu ndio hawa.

uBlock Origin. Huyu ndiye wa kwanza na kama ningeambiwa nibaki na mmoja tu, ni yeye. Aliyemtengeneza ni Raymond Hill, alianza kazi hiyo 2014, ni bure, msimbo wake uko wazi kwa kila mtu, na Hill hataki hata kuchangiwa fedha. Angalia jina vizuri: kuna "uBlock" bila "Origin", hicho ni kitu kingine chenye mwenyewe mwingine. Wengi wanamjua kwa kuzuia matangazo. Mimi nampenda zaidi kwa kulinda bando. Ingia kwenye mipangilio yake, kuna sehemu ya kuzuia picha na video zinazozidi ukubwa fulani, na namba iliyowekwa humo tangu mwanzo ni KB 50. Ukiiwasha, tovuti ya habari inafunguka na maandishi yake, picha kubwa zinabaki visanduku vitupu. Unayoitaka unaibofya, inapakuliwa hiyo peke yake. Kompyuta nne, siku nzima, wateja wanasoma matangazo ya kazi kwenye tovuti zilizojaa mabango: tofauti unaiona kwenye salio kabla hujafika Alhamisi.

Bitwarden. Mtunza nywila. Msimbo wazi, na toleo la bure linatosha kabisa kwa mtu wa kawaida. Faida yake ambayo watu hawaisemi ni kwamba hujaza nywila pale tu anwani ya tovuti inapolingana na ile uliyohifadhi. Ukifika kwenye ukurasa unaofanana na wa benki yako kila kitu, rangi na nembo, halafu Bitwarden amenyamaza, usiandike nywila kwa mkono. Toa mkono kwenye kibodi, soma anwani herufi kwa herufi.

SingleFile. Anahifadhi ukurasa mzima, na picha zake, ndani ya faili moja la HTML. Mteja akimaliza maombi, ule ukurasa wa uthibitisho wenye namba ya kumbukumbu namhifadhia kwenye flashi yake. Mfumo ukizima usiku, ushahidi anao.

enhanced-h264ify, kwenye zile kompyuta mbili za zamani tu. Nitaeleza huko mbele nikiulizwa, maana ana faida na hasara yake.

Basi. Wanne. Karibuni tuchangie, na mwenye kivinjari kinachomsumbua aeleze hapa, tutakisaka pamoja.

#2 · Mdau

Mkuu umekuja wakati mwafaka. Mimi nina laptopu, natumia Chrome. Kuna fomu ya maombi ya kazi naijaza, mwisho ni Ijumaa saa sita usiku. Nikifika mwisho nikabofya "Wasilisha" hakuna kinachotokea. Kitufe kinabonyea, basi. Nimejaribu mara sita. Nimefuta akiba (nakala za kurasa ambazo kivinjari huhifadhi) na vidakuzi (vifaili vidogo ambavyo tovuti huacha humo), bado. Nimehesabu viendelezi vyangu baada ya kusoma uzi wako: 14.

#3 · Mleta uzi

Pole sana, na usiwe na wasiwasi, muda upo.

Kabla ya kufuta chochote, fungua dirisha la hali fiche (Incognito), Ctrl+Shift+N, uingie kwenye fomu hiyo hapo. Hali fiche inafungua kivinjari bila viendelezi, isipokuwa vile ambavyo wewe mwenyewe uliviruhusu viingie humo. Kitufe kikifanya kazi, tumeshajua mchawi ni kiendelezi au vidakuzi, na tovuti haina kosa. Kikigoma hata humo, tatizo liko kwingine: mtandao, tovuti yenyewe, au kivinjari cha zamani.

Anayetumia Firefox ana njia nzuri zaidi. Andika about:support kwenye sehemu ya anwani, upande wa kulia juu kuna kitufe cha kuanzisha upya bila viendelezi. Hiyo inazima viendelezi vyote na pia kuongeza kasi kwa kadi ya picha, ambayo nayo huwa chanzo cha skrini kuwa nyeusi au kurasa kuchorekachoreka.

Rudi utuambie.

#4 · Mdau mwingine

Mimi niko Mombasa, nashukuru sana kwa uzi huu. Swali langu: hii uBlock Origin nilikuwa nayo kwa Chrome tangu zamani, juzi nikaona imezimwa, imeandikwa haitumiki tena. Nikitafuta dukani siipati. Ilikuwa na virusi ama?

#5 · Mleta uzi

Hapana ndugu yangu, haikuwa na virusi, na ni vizuri umeuliza maana wengi wamedhani hivyo.

Google wamebadilisha sheria za namna viendelezi vinavyotengenezwa. Mfumo mpya unaitwa Manifest V3. Zamani uBlock Origin alikuwa anasimama mlangoni: kila ombi linalotoka kwenye ukurasa kwenda nje analiangalia, anaamua papo hapo lipite au lisipite. Kwenye mfumo mpya haruhusiwi kusimama mlangoni. Anachoruhusiwa ni kumkabidhi Chrome orodha ya sheria mapema, halafu Chrome ndiye anayezuia. Google wanasema hiyo inalinda usalama na faragha ya mtumiaji. Lakini vizuizi vilivyokuwa na akili ya kuamua kwa hali ya wakati ule vimepunguzwa nguvu. Walianza kuzima viendelezi vya mfumo wa zamani 2024, na 2025 wakafunga mlango kabisa.

Hill ametengeneza toleo dogo, uBlock Origin Lite, linalofuata sheria mpya. Lipo kwenye duka la Chrome. Linazuia matangazo ya kawaida vizuri tu, ila ile ya kuzuia picha kubwa niliyoisifia hapo juu usiitegemee kwake. Mimi ndiyo sababu iliyonihamisha: kompyuta zote nne sasa zina Firefox, na Chrome imebaki kwa ajili ya mifumo miwili mitatu inayogoma bila yeye. Firefox wameendelea kuuruhusu mfumo wa zamani. Kama hutaki Firefox, Brave ana kizuizi chake ndani kwa ndani bila kuhitaji kiendelezi.

Kuwa makini sana na jambo moja: baada ya uBlock Origin kuondoka, watu wanaandika jina hilo dukani na kuchukua chochote kinachokuja na nembo ya ngao nyekundu. Usichukue chenye jina linalofanana. Anzia kwenye ukurasa rasmi wa mradi wenyewe huko GitHub, tovuti ambako watengenezaji huweka programu zao, ufuate kiungo cha hapo.

#6 · Mdau (#2)

Mkuu hali fiche imekubali! Kitufe kinafanya kazi, kimenipeleka ukurasa wa kuhakiki. Ila sijawasilisha bado, kuna barua ya mwajiri nasubiri. Sasa nitamjuaje ni yupi kati ya 14?

#7 · Mleta uzi

Usizime kimoja kimoja kama nilivyofanya mimi. Gawa nusu.

Zima 7, acha 7. Pakia ukurasa upya, jaribu kitufe. Kikifanya kazi, mchawi yuko kwenye wale 7 uliowazima. Kikigoma, yuko kwenye waliobaki. Chukua kundi lenye mchawi, ligawe tena: 4 na 3. Kisha 2 na 2, kisha 1 na 1. Kwa viendelezi 14 unampata kwa majaribio manne tu. Andika kwenye karatasi kila hatua, maana ukifika wa tatu utasahau ni wapi umezima na wapi umewasha.

Ukiwa unajaribu, pakia upya kwa Ctrl+Shift+R badala ya kawaida. Hiyo inalazimisha ukurasa uletwe upya kutoka kwenye seva badala ya kuchukuliwa kwenye akiba. Ila kumbuka fomu itafutika, kwa hiyo maelezo marefu yaandike kwanza pembeni kwenye faili la maandishi.

#8 · Mdau mwingine

Mimi ni mwanablogu, naandika mapishi. Naomba niseme kwa heshima: mnapozuia matangazo mnatuua sisi wadogo. Yale matangazo ndiyo yanayolipia jina la tovuti na hifadhi.

#9 · Mleta uzi

Dada, au kaka, nimekuelewa na sitakujibu juujuu.

Ni kweli kabisa. Na uBlock Origin ana kitufe kikubwa cha kuzima kazi yake kwa tovuti moja tu, na anakumbuka. Mimi nimezima kwenye tovuti kadhaa za watu ninaowasoma. Nikipata yako nitazima pia. Ila kwenye duka langu, anayeketi kwenye kompyuta ni mzee anayetafuta hati yake, na akikutana na kitufe kikubwa cha kijani kimeandikwa "PAKUA" ambacho ni tangazo, anakibofya. Nimeshaondoa programu za ajabu kwenye hizi kompyuta mara nyingi mno kwa sababu ya kitufe hicho cha kijani. Yule mzee nina wajibu naye. Wewe unaandika kwa jasho lako, nawe nina wajibu na wewe. Kuzima kwa tovuti moja moja ndiyo njia niliyoiona inatenda haki kwa wote wawili.

#10 · Mdau mwingine

Mimi ni fundi kompyuta, naomba niongezee lililo nje ya viendelezi kidogo lakini linawachanganya watu wengi.

Ukiona kila tovuti inakuambia muunganisho si salama, na chini kuna maandishi NET::ERR_CERT_DATE_INVALID, usianze kulaumu kivinjari wala modemu. Angalia saa chini kulia. Wiki iliyopita nimeletewa mashine, mteja kaambiwa mahali abadilishe diski. Nimeiwasha, tarehe inasoma 1 Januari 2009. Vyeti vya usalama vya tovuti vina tarehe ya kuanza na ya kuisha, na kompyuta iliyoko 2009 inaona vyeti vyote havijaanza. Tatizo ni ile betri ya duara kwenye mazabodi, CR2032, imekufa. Ni betri unayoipata hata duka la saa. Nimebadilisha, nimerekebisha saa, tovuti zote zimefunguka.

Usibofye kuendelea kwa nguvu kwenye onyo hilo kabla hujaangalia saa, hasa kwenye tovuti ya fedha.

#11 · Mleta uzi

Fundi, asante sana. Tena tatizo la cheti kuisha muda liliwahi kuwaangusha Firefox wenyewe. Mei 2019, cheti kimoja kinachotumika kuhakiki viendelezi kiliisha muda wake, na viendelezi vya watu duniani kote vikazimika kwa mkupuo. Watu walifuta na kusakinisha upya, bure. Likaja toleo la kurekebisha baada ya siku moja mbili.

Na kuna jingine la aina hiyo ambalo bado linawakuta wenye mashine za zamani: 14 Machi 2025 cheti mzizi (kile ambacho vyeti vingine vinakitegemea) cha Mozilla, watengenezaji wa Firefox, kiliisha. Anayetumia Firefox iliyo chini ya toleo la 128, au chini ya 115.13 kwa wale wa toleo la muda mrefu (ESR), viendelezi vyake vinaweza kuzimika hata kama hajagusa kitu. Dawa ni kusasisha. Wenye Windows 7 na 8.1, Chrome yenu iliishia toleo la 109 mwanzoni mwa 2023, na Firefox yenu ni ile ya 115 ya muda mrefu. Usikubali tovuti inayokuuzia "Chrome mpya ya Windows 7".

#12 · Mdau mwingine

Simu je? Wengi wetu hatuna kompyuta.

#13 · Mleta uzi

Chrome ya Android haipokei viendelezi. Firefox ya Android inapokea, na tangu Desemba 2023 wamefungua mlango kwa viendelezi vingi, si vile vichache vya zamani. Bofya nukta tatu, ingia Viendelezi, uBlock Origin yupo pale, yule kamili. Kwa anayenunua bando la siku, hilo peke yake linatosha kuhama. Wenye iPhone, Safari inapokea viendelezi tangu iOS 15, na uBlock Origin Lite kimefika huko 2025.

#14 · Mdau mwingine

Chrome yangu kwenye menyu imeandika kwamba inasimamiwa na shirika. Mimi sina shirika, ni laptopu niliyoinunua kwa mtu. Na kuna kiendelezi hakifutiki, kitufe cha kuondoa kimefifia.

#15 · Mleta uzi

Hili ni la kuchukulia kwa uzito. Andika chrome://policy uone. Kama kuna mstari wa ExtensionInstallForcelist, maana yake kuna kitu kimemwamuru Chrome asakinishe kiendelezi hicho kwa lazima na asikuruhusu kukitoa. Kampuni hutumia njia hiyo kihalali kwenye kompyuta za ofisi. Programu hasidi nazo zimejifunza kuitumia.

Kwako, kwa kuwa umenunua mkononi, yapo mawili. Ama ilikuwa ya ofisi na mipangilio ya ofisi imebaki, ama kuna programu imejipachika. Kwa vyovyote vile mwenye mashine ya mkononi ushauri wangu ni uleule: hamisha mafaili yako muhimu kwenye diski ya nje, sakinisha Windows upya kuanzia mwanzo, kisha badilisha nywila zako zote ukitumia mashine safi. Najua inauma kupoteza siku nzima. Lakini usiingize namba ya siri ya benki kwenye mashine ambayo hujui nani ameshika funguo zake. Na kama laptopu ni ya ofisini kwako, usiguse kitu, mpelekee mtu wa TEHAMA.

#16 · Mdau mwingine

Mama yangu kila akiwasha kompyuta vinatokea vibango chini kulia, "Kompyuta yako ina virusi 5". Nimeondoa viendelezi vyote, bado.

#17 · Fundi (#10)

Hizo ni arifa. Siku moja alibofya "Ruhusu" kwenye tovuti fulani. Andika chrome://settings/content/notifications, ondoa kila tovuti usiyoijua kwenye walioruhusiwa. Kisha chagua tovuti zisiruhusiwe kuuliza kabisa. Dakika mbili. Na umwambie mama asipige namba yoyote iliyoandikwa kwenye vibango hivyo.

#18 · Mdau mwingine

Mleta uzi uliahidi kueleza h264ify. Video kwangu zinakwamakwama, feni inalia kama mashine ya kusaga, na mtandao ni mzuri.

#19 · Mleta uzi

Video za YouTube siku hizi zinakuja kwa kodeki (namna za kubana video) za VP9 na AV1. Ni nzuri, zinabana data. Lakini kompyuta za zamani hazina kipande cha kuzifungua ndani ya kadi ya picha, kwa hiyo mzigo wote unabebwa na prosesa. Mashine zangu mbili ni Core i3 za kizazi cha pili, za mwaka 2011: H.264, kodeki ya zamani, wanaifungua bila jasho, VP9 inawaua. Kiendelezi hiki kinaiambia tovuti kwamba hapa VP9 na AV1 haziwezekani, niletee H.264. Feni inanyamaza.

Hasara yake: kwa ubora uleule wa picha, H.264 inakula data nyingi zaidi. Ndiyo maana sikiweki kwenye mashine mbili mpya. Pima mwenyewe kinachokuumiza zaidi, feni au bando.

Kabla ya kusakinisha, bonyeza Shift+Esc ndani ya Chrome, au andika about:processes kwenye Firefox. Utaona kila kichupo na kiendelezi kinavyokula prosesa na RAM. Mara nyingine utakuta anayelia si video, ni kichupo ulichokisahau tangu asubuhi.

#20 · Mdau (Mombasa)

Nimehamia Firefox tangu jana. Swali dogo: hapo cyber kwako wateja hawaachi akaunti zao wazi?

#21 · Mleta uzi

Zamani walikuwa wanaacha, na niliogopa sana. Sasa wateja wote wanatumia dirisha la faragha, kivinjari kinafunguka hivyo moja kwa moja, na mteja akinyanyuka nafunga madirisha yote mbele ya macho yake. uBlock Origin nimemruhusu aingie kwenye dirisha hilo, maana bila ruhusa hazuii chochote humo. Bitwarden sijamruhusu na hayupo kwenye mashine za wateja kabisa. Yuko kwenye ile yangu ya kaunta. Nywila ya mteja haihifadhiwi dukani kwangu, hata akiniomba.

#22 · Mdau (#2)

Mkuu nimempata! Nimegawa kama ulivyosema, karatasi ninayo hapa. Jaribio la kwanza kitufe kiligoma, nikajua yuko kwenye 7 waliobaki. La pili kikakubali. La tatu kikagoma. La nne akabaki mmoja: kiendelezi cha kutafuta kuponi za punguzo, nilikisakinisha nilipokuwa naagiza viatu mwaka juzi. Sijakitumia tangu siku hiyo. Kilikuwa kinaweka kidirisha kisichoonekana juu ya ukurasa, nikibofya Wasilisha nabofya chenyewe.

Nimekifuta. Na nimefuta vingine 9 ambavyo nilipovitazama sikukumbuka hata kwa nini viliingia. Nimebaki na 4.

Barua ya mwajiri imefika saa tisa alasiri. Nimewasilisha. Namba ya kumbukumbu nimeipata, nimeihifadhi kwa SingleFile.

#23 · Mleta uzi

Alhamdulillah. Hongera sana.

Kimoja bado: nenda kwenye kompyuta nyingine yoyote unayoingilia kwa akaunti hiyohiyo, uangalie chrome://extensions huko pia. Kama ilikuwa imezimwa wakati unafuta, iwashe, isubiri isawazishe, kisha uhakikishe kile cha kuponi hakipo kote kuwili.